Foleni ya Mawe

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu kiasi kwamba hata kutu yake ilikuwa imeota kutu. Enzi zake lilikuwa zahanati ya kutembea: tabibu, nesi na makabati ya dawa, vyote vikizungushwa vijijini juu ya magurudumu. Lilipochoka likatupwa kwenye yadi ya magari mabovu, na huko ndiko dereva mmoja mstaafu wa mabasi alikolikuta. Akalizunguka, akaligonga ubavuni kwa kiganja, akalipenda kama kijana anavyompenda binti wa watu: bila kuuliza habari zake za nyuma.

Aling'oa makabati, akaingiza kitanda, meza ya kukunja na pazia la maua, gari likawa nyumba. Vitu viwili tu vilimshinda. Cha kwanza kilikuwa kidirisha cha pembeni, kile cha kutolea dawa, ambacho skrubu zake zilikuwa kama zimeota mizizi. Cha pili kilikuwa honi. Ililia sauti tatu: moja nene, moja nyembamba, na ya tatu kama mbuzi anayeuliza swali.

Abiria wake wa zamani walimwita Breki, kwa sababu maisha yake yote barabarani hakuwahi kugonga hata kifaranga. Alisimama kwa ajili ya kuku, alisimama kwa ajili ya vivuli, na siku moja, watu wakiwa wamejaa hadi mlangoni, alisimamisha basi kulipisha gazeti lililokuwa likipeperuka kuvuka barabara. Wanasema alilipungia mkono lipite. Mkewe hakumwita Breki. Alimwita Dereva, kwa kuwa alipomwona mara ya kwanza alikuwa abiria wake. Naye alimwita mkewe Bibi Harusi, ingawa wajukuu walishaanza kuota ndevu.

Sasa, dereva wa basi hasikilizi kwa masikio peke yake. Husikiliza kwa makalio. Breki akiwa amekaa kwenye usukani, mgongo ameuelekezea mlango, alijua nani kapanda, kabeba nini, na kama ana haraka, kwa jinsi springi zilivyobonyea. Walipoanza safari yao ya uzeeni, Bibi Harusi alikuwa mwanamke wa kujaza mlango. Akikanyaga ngazi tu, gari zima liliinama.

"Umeona?" Breki alikuwa akisema. "Hata gari linakuamkia."

"Liniamkie vizuri, mimi ndiye mwenye nyumba."

Lakini kila walipohama kambi moja kwenda nyingine, gari liliinama pungufu ya jana yake. Bibi Harusi akaanza kuvaa sweta mbili ndani ya gauni, jua likiwaka, na akikaribishwa chakula alikizungusha kwenye sahani kama mtu anayetafuta pete iliyopotea. Akidhani hatazamwi, alijibana kwa mkono chini ya mbavu. Breki akaacha ule utani wa kuamkia.

"Twende hospitali ukaonwe," alimwambia.

"Kituo kijacho."

Na kituo kijacho kikifika: "Kituo kijacho." Dada yake Bibi Harusi aliingia hospitali kwa miguu yake mwenyewe, kikapu mkononi, na kilichorudi nyumbani ni kikapu. Tangu hapo Bibi Harusi hakutaka kusikia harufu ya dawa ya kudekia sakafu. Breki alijua kwamba kila siku inayopita ilikuwa ikimla mkewe. Alijua pia kwamba yeye mwenyewe anaogopa kuliko mkewe. Ndiyo maana mtu aliyesimama kwa ajili ya gazeti, kwa jambo hili hakusimama. Aliendelea tu kuendesha.

Wakafika hivyo kwenye uwanja wa kambi uliokuwa kando ya bwawa, jua likiwa limebakiza kidole kimoja lizame. Palikuwa na bomba la maji, choo cha mabati, na sehemu moja nzuri iliyosawazika kana kwamba imetengenezwa kwa ajili ya gari lao. Breki akaliingiza hapo, magurudumu yakatulia kwenye vishimo viwili vya zamani, akapiga honi kusalimia. Nene, nyembamba, mbuzi.

Ng'ambo ya bwawa, mbwa waliokuwa wakibweka wakanyamaza wote kwa mara moja.

"Karibuni jirani!" sauti ikaita. "Mmekuja na honi au na bendi nzima?"

Aliyeita alikuwa mwanamke mwembamba, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Yeye alisafiri peke yake, akishona nguo za watu kila alipotua, na wote waliomjua walimwita Mama Cherehani. Gari lake zamani lilikuwa la kusambaza mikate. Mkate wa mwisho ulishushwa humo miaka mingi nyuma, lakini jua likiwaka ndani palinukia mkate wa moto, na mwenyewe aliapa kwamba angekuwa mwembamba zaidi kama si kushiba harufu.

"Nimekuja na bibi harusi," Breki akajibu.

"Harusi gani hiyo, mbona bwana harusi ana mvi mpaka masikioni?"

Bibi Harusi akacheka hadi akashika ubavu. Kicheko kikaisha ghafla, mkono ukabaki pale pale.

Mama Cherehani aliuona ule mkono. Alimvutia kiti, akamketisha. "Basi wewe ni dada yangu kuanzia sasa," akasema, "ili huyu awe shemeji, nimtukane hadi nichoke."

Chai ikahitaji moto, moto ukahitaji mafiga. Breki hakwenda mbali. Mbele ya mlango wa gari lake, kwenye majani mafupi, yalilala mawe mengi, kila moja kivyake, katika mstari uliopindapinda kuelekea majini. Akachagua matatu yaliyomfaa. Moja lilikuwa la kijivu, lenye pengo pembeni kana kwamba mtu aliliuma akaghairi.

Kuni zilikuwa kavu. Moto ulikubali haraka, ukawaka hadi ukamuunguza Breki nyusi. Birika likakaa juu yake. Likakaa. Kuni zikaisha, zikaongezwa, zikaisha tena. Bibi Harusi akafunua kifuniko, akatumbukiza kidole.

"Baridi."

"Haiwezekani."

"Tumbukiza chako."

Breki akatumbukiza. Maji yalikuwa ya baridi kama yametoka mtungini. Hayakuwa na hata povu. Yalikaa tu mle birikani, yametulia, kama mtu aliyeambiwa asubiri.

"Shemeji, huo moto umeupata wapi?" Mama Cherehani akauliza. "Urudishe, bado una dhamana."

Wakacheka, wakanywa chai iliyopikwa kwenye jiko lake la gesi, wakalala.

Alfajiri Breki aliamshwa na gari. Liliinama upande wa mlango, taratibu, jinsi linavyoinama mtu mzito mwenye magoti mabovu anapokanyaga ngazi. Akadhani Bibi Harusi alitoka kidogo, sasa anarudi. Akanyoosha mkono. Bibi Harusi alikuwa pale pale kando yake, na sweta zake, anakoroma kwa adabu.

Gari likainuka. Likainama tena. Nje mtu akakohoa, kikohozi kikavu cha kuchimba kifua. Kisha kule kwenye kidirisha cha dawa ikasikika sauti ya ukucha: ko, ko, ko. Hodi ya mtu ambaye amegonga muda mrefu na hataki kuudhi.

Breki akavuta pumzi, akafungua mlango.

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na ukungu uliotambaa kutoka bwawani, na mawe. Jana mstari wa mawe ulipinda. Sasa ulinyooka kama uzi uliovutwa. Ulianzia chini ya ngazi ya mlango, ukaenda, ukaenda, hadi ukamezwa na ukungu. Na hapo mbele, karibu kabisa na mguu wake, palikuwa na mapengo matatu, kama kinywa kilichong'olewa meno.

Kulipopambazuka alikwenda moja kwa moja kwenye gari la mikate.

"Mama Cherehani, utani mwingine una mipaka."

"Utani upi?"

"Kupanga mawe ya watu wakiwa wamelala, na kukohoa dirishani."

"Mimi? Mgongo huu uliopindishwa na cherehani niuinamishe kupanga mawe?" Akamtazama vizuri, tabasamu likamtoka. "Shemeji, umeona nini?"

Bibi Harusi alikuwa amesimama nyuma yao, kikombe kitupu mkononi. "Kikohozi nilikisikia hata mimi," akasema kwa upole. "Nilidhani ni mimi."

Hapo Breki akaona hapakaliki. Akakunja viti, akaitupa meza ndani, akapanda kwenye usukani. Injini ikawaka vizuri tu. Lakini alipoingiza gia, gari likaanza kuzama kwenye springi. Likazama, likazama, kama basi la mwisho mkesha wa sikukuu, watu wakiendelea kusukumana kuingia. Matairi yakatanuka pembeni. Breki alisikia kwa makalio yake kila mzigo ulivyopanda: huyu mzito, huyu mwepesi, huyu anachechemea. Akakanyaga mafuta hadi moshi ukafunika kambi. Gari likalalamika, wala halikusogea.

Mama Cherehani akaja dirishani, anapepea moshi. "Umebeba nini humo?"

"Sijabeba kitu!"

"Gari lako halisemi hivyo."

Wakati huo ndipo msimamizi wa uwanja wa kambi alipotokea na baiskeli yake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mabega mapana, buti za mpira miguuni, na nyuma ya baiskeli alifunga mafagio mapya aliyokuwa ameyafuata jana yake ng'ambo ya pili. Alipoliona gari jeupe limesimama kwenye vile vishimo viwili, akashuka. Hakuishika vizuri baiskeli. Ikaanguka na mafagio yake.

"Mmelitoa wapi hili?"

"Shikamoo kwanza, mwanangu," Breki akasema, maana woga ulimfanya achokoze.

"Marahaba... samahani, shikamoo mzee. Mmelitoa wapi?"

Wakamweleza. Yeye akawa anasikiliza kwa sikio moja, macho yakitembea juu ya mawe, jiwe kwa jiwe, hadi yakafika kwenye mapengo. Kisha yakaenda kwenye mafiga. Akapiga hatua ndefu, akainama, akaliokota lile la kijivu lenye pengo, ambalo sasa lilikuwa jeusi kwa masizi upande mmoja. Akalifuta kwa aproni yake. Masizi hayakutoka.

"Hili ni la mama yangu," akasema.

Hapakuwa na mtu wa kufanya mzaha. Bibi Harusi akamvutia kiti, naye akaketi, jiwe mapajani, akawaeleza.

Gari hili lilikuwa likija hapa kwa zamu yake, akasema. Wagonjwa walikuwa wengi na shamba haliwezi kungoja, kwa hiyo watu walikubaliana: unaleta jiwe lako, unaliweka kwenye foleni, unaondoka. Jiwe ni wewe. Nenda kalime, nenda kanyonyeshe, jiwe lako limesimama. Ukiligusa la mwenzio umemgusa mwenyewe. Na jiwe likiondolewa, mwenye jiwe anarudi nyuma ya wote, hata kama alikuwa wa kwanza. Kisha ikafika zamu moja, mawe yakapangwa, gari halikutokea. Wakasema labda limeharibika, litakuja kesho. Kesho ikawa hivyo hivyo.

"Mama alikuwa na kifua. Kuna wakati mtu alilisogeza jiwe lake, akapitwa, kwa hiyo safari ile alikataa kuondoka. Alikaa hapa chini kando ya jiwe lake. Tulimbembeleza alale nyumbani. Akasema, nikiondoka tu, watanipita." Akaligeuza jiwe. "Tulimkuta amekaa vile vile. Wengine walikufa mmoja mmoja, majumbani mwao. Lakini mawe hatukuyatoa. Utamtoaje mtu kwenye foleni hajahudumiwa? Walipotengeneza kambi nikaomba kazi ya usimamizi, ili nifyeke majani mimi mwenyewe, asije mtu akayagusa. Naondoka siku moja tu, kufuata mafagio."

"Na sisi tukaja na honi," Mama Cherehani akanong'ona.

"Wameisikia," msimamizi akasema. "Wanajua limerudi."

Breki alitazama mapengo matatu akaona aibu kumpanda shingoni kama mchwa. "Sasa tufanyeje? Gari limebaki jina. Halina daktari, halina hata plasta."

Aliyejibu alikuwa Bibi Harusi. Alikuwa akitazama ile foleni ndefu kwa uso ambao Breki hakuwahi kuuona, uso wa mtu aliyekamatwa.

"Hawataki dawa tena, Dereva," akasema. "Wanataka kuitwa. Mtu kangoja mpaka amekufa, na bado anangoja. Wewe simama mlangoni uite. Mimi nitakaa ndani niwapokee."

Akapanda. Gari likainama kidogo tu, kama jani lililotuliwa na nzi. Akaketi kwenye ukingo wa kitanda, mahali pale pale ambapo zamani palikuwa na kiti cha nesi, akaweka mikono mapajani.

Breki akayarudisha mawe matatu kwenye mapengo yao, lile la masizi likiwa mbele ya yote, akasimama kando ya mlango, akasafisha koo.

"Anayefuata!"

Gari halikutikisika.

"Anayefuata!"

Msimamizi akatikisa kichwa. "Hawatakubali. Jiwe la mama liliondolewa. Kwa sheria yao, amepoteza nafasi."

"Lakini si yeye aliyeliondoa! Ni mimi!"

"Usiniambie mimi, mzee. Waambie wao."

Mtu mzima akivua kofia mbele ya mawe huonekana mjinga, na Breki alilijua hilo. Akaivua. Akatembea hadi katikati ya foleni, ukungu ukimfika magotini.

"Abiria wangu," akaanza, kwa mazoea, akajisahihisha. "Jamani wa foleni. Shikamooni wakubwa, habari zenu wadogo. Mimi nimeendesha watu maisha yangu yote, na najua hakuna kitu kinachouma kama kupitwa. Huyu mama hapa mbele hakutoka kwenye nafasi yake hata dakika moja. Amekufa ameishikilia. Aliyemwondoa ni mimi, mgeni, nikitafuta mahali pa kutulizia birika. Kama kuna wa kurudishwa nyuma, nirudisheni mimi. Yeye mwacheni apite. Nawaomba."

Vyura wa bwawani wakanyamaza. Kisha kutoka mbali, mwisho wa mstari, ndani ya ukungu, ikasikika: ko. Jiwe limeinuliwa kidogo likawekwa tena. Halafu la pili yake, ko. Halafu la tatu. Sauti ikaja ikipokezana, jiwe hadi jiwe, ikampita Breki miguuni, ikafika mbele, ikakoma.

Mama Cherehani alikuwa ameshika futi yake kwa mikono miwili kana kwamba ndiyo inayomzuia asianguke.

"Anayefuata," Breki akaita, safari hii kwa heshima.

Gari likainama. Taratibu, mtu mzito, magoti mabovu.

"Karibu, mama," sauti ya Bibi Harusi ikasikika ndani. "Pole kwa kungoja."

Akajibiwa na kikohozi, kirefu, kikavu. Msimamizi akajiziba mdomo kwa aproni. "Ndiye," akasema ndani ya kitambaa. "Ndiye kabisa." Kisha gari likainuka, likainuka kupita lilivyokuwa, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani, na kikohozi hakikusikika tena.

Wakaendelea hivyo. Breki aliita, gari liliinama, Bibi Harusi alisema pole kwa kungoja, gari liliinuka. Alipita mwenye fimbo. Walisikia inavyogonga ngazi. Alipita mmoja mwepesi, wa haraka, aliyeruka ngazi kabisa. Mara moja gari liliinama mara mbili kwa pamoja, uzito mkubwa na uzito mdogo sana, na sauti ya Bibi Harusi ikakatika kabla hajamaliza neno. Kila jiwe lililoitwa msimamizi alilibeba kwa mikono miwili hadi ukingoni mwa bwawa, akalilaza. Jiwe la mama yake alikuwa ameliweka kando, alibebe mwisho. Alipolirudia hakulikuta. Alidhani ameshalipeleka, au limeteleza majini, na kazi ilikuwa nyingi.

Jua lilikuwa limekula ukungu wote Breki alipofika mwisho wa mstari. Sauti ilikuwa imemkauka. Akageuka kutaka kusema jamani tumemaliza.

Palikuwa na jiwe moja bado.

Lilikuwa jeupe, laini, la mviringo, na alilijua. Hilo ndilo walilotumia kuzuilia mlango wa gari lao usijifunge kwa upepo, tangu kambi ya kwanza. Nyuma yake alisimama Bibi Harusi. Alikuwa ameshuka bila gari kusema kitu. Amevaa viatu vyake vya kutokea, mkoba umetulia mkononi.

"Mbona uko huku?" Breki akauliza, ingawa alijua.

"Nimepanga foleni."

"Bibi Harusi..."

"Nimekaa mle ndani, watu waliotamani kuonwa hadi wakafa wananipita mmoja mmoja. Na mimi barabara ninayo, gari ninalo, dereva ninaye, nasema kituo kijacho." Akaubana mkoba. "Usinipendelee. Niite kama wengine."

Breki alifungua kinywa. Neno aliloliita asubuhi nzima likakataa kutoka. Akalivuta kama mtu anayevuta ndoo kisimani, likaja nusu, likarudi, likaja.

"Anayefuata."

Bibi Harusi akaliokota jiwe lake, akampa mkononi, akarudi garini, akapanda ngazi.

Springi hazikusogea. Hata kidogo. Wafu wote wale, wa magoti na wa kuruka, gari liliwainamia. Kwa mke wake lilisimama wima, kama hakuna aliyepita.

Breki akafunga mlango, akakimbilia usukani kama hana umri. Mama Cherehani akaja mbio hadi dirishani, futi ikipepea.

"Shemeji! Leo usisimame hata kwa ng'ombe!"

Gari liliruka kutoka kwenye vishimo vile kama jipya. Inasemekana kuku mmoja alikatiza barabara kwa mwendo wa maringo, kama kuku wa njia hiyo walivyozoea, na kwa mara ya kwanza maishani Breki hakukanyaga breki. Kuku akaruka juu ya paa, akasafiri nao hadi mjini, akashuka kwa wakati wake.

Hospitali ilikuwa na harufu ile ile ya dawa ya kudekia. Bibi Harusi alisita mlangoni. Breki akamshika kiwiko, wakaingia. Watu walikuwa wamejaa korido nzima, kwenye benchi, sakafuni, kwenye ngazi. Foleni ilipinda kona, ikapotelea huko. Breki aliitazama akapiga hesabu. Leo hawatafika mbele. Watamwambia kesho, na kesho Bibi Harusi atasema kituo kijacho.

"Mama," mtu akaita. "Mama, wewe!"

Alikuwa mwanamume mwenye bandeji mguuni, ameketi mwanzoni kabisa mwa benchi, karibu na mlango wa daktari. Kando yake palikuwa na nafasi tupu ya mtu mmoja, na jinsi watu walivyobanana, lilikuwa jambo la kushangaza hakuna aliyekalia. Juu ya nafasi hiyo palikuwa na jiwe.

"Njoo ukae, ni nafasi yako hii," mwanamume akasema. "Kuna mama alikushikia tangu asubuhi. Kaweka jiwe lake hapa, kasema tusimkalishe mtu, anakuja mwenzake aliyevaa sweta mbili. Tukasema kwa joto hili? Kumbe kweli."

"Yuko wapi huyo mama?" Breki akauliza.

"Alikuwepo sasa hivi. Kifua kinamsumbua, anakohoa sana, nadhani kaenda kunywa maji."

Breki akainama. Jiwe la kijivu, lenye pengo pembeni kana kwamba liliumwa, jeusi kwa masizi upande mmoja. Akaliokota ili mkewe akae. Lilikuwa la moto, kama limetoka motoni sasa hivi.

Bibi Harusi akaketi. Alitazama jiwe, akamtazama mumewe, kisha akafungua vifungo vya sweta ya juu, akaivua, akaikunja. Akavua na ya pili. Mabega yaliyobaki ndani ya gauni yalikuwa ya mtoto. Breki hakuyaondoa macho yake pale.

Mlango wa daktari ukafunguka. "Anayefuata!"

Bibi Harusi akamkabidhi sweta mbili na mkoba. "Nishikie, Dereva. Mkoba nitarudi kuuchukua mwenyewe."

"Nakusikia."

"Usiondoke."

"Nikiondoka watanipita," Breki akasema. Bibi Harusi akatabasamu kidogo, akaingia kwa miguu yake mwenyewe. Mlango ukafungwa.

Breki akaketi penye nafasi yake, mkoba na sweta mapajani, jiwe juu ya sweta, joto lake likipenya hadi kwenye mifupa. Alikaza macho kwenye ule mlango. Baada ya muda alihisi, jinsi anavyohisi yeye, ubao wa benchi ukibonyea kando yake, upande ambao hapakuwa na nafasi ya mtu kukaa. Taratibu, mtu mzito, magoti mabovu. Akasikia pumzi ikikwaruza kifuani.

Hakugeuka. Alijisogeza kidogo kumpisha.

"Karibu, mama," akasema. "Tungoje wote."